Tarakimu Zisizotikisika

Mama yangu hajawahi kuwa mzima kabisa. Ukimuuliza habari atakujibu hajambo, maana ndivyo adabu inavyotaka, kisha atavuta pumzi na kuanza: goti la kulia, kuku wa jirani wanaofukua mchicha wake, mwalimu wa kwaya ya kanisa la Moraviani anayewapandishia sauti vikongwe kana kwamba ni wasichana. Nimekulia kwenye malalamiko hayo, na hata nilipohamia Minnesota niliendelea kuyafuata kwa simu kila Jumamosi asubuhi.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimepanga kwenda Mbeya wakati wa Krismasi kumwona. Alikuwa akiishi kwa mdogo wangu Mudrick na mkewe Ikupa. Ndipo kazini kukazuka jambo. Kampuni yetu ndogo pale Saint Louis Park ilipata kazi ya kubadilisha mita katika chumba cha kuongozea kinu cha nyuklia. Mita zao zilikuwa za mshale, za zamani, vipuri vyake havitengenezwi tena, na fundi aliyezijua alikuwa amestaafu na kwenda kuvua samaki huko kaskazini kwenye maziwa. Badala yake tuweke tarakimu nyekundu zinazowaka. Kinu kingezimwa mwezi wa nne kubadilishiwa fueli, na mita mpya zingefungwa hapo hapo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyezisanifu, mkuu wetu aliniomba niahirishe safari mpaka kazi iishe.

Basi swali likawa hilo: niende sasa au ningoje? Nikampigia Mudrick.

“Mama mzima kabisa, hana shida yoyote,” akasema. “Wewe maliza kazi tu, dada Tumpe.”

Nikaomba nimsalimie, nikaambiwa yuko mazoezini na kwaya. Jumamosi iliyofuata alikuwa mzima kabisa, hana shida yoyote, ila amelala mapema. Jumamosi nyingine alikuwa mzima kabisa, hana shida yoyote, amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Mume wangu akanitania kwamba bibi mwenye miguu ya kuzurura hivyo atangoja mpaka mwezi wa nne bila kutoka jasho. Nikaahirisha safari. Moyo haukukubali sana, lakini nikaunyamazisha kwa kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kunyamazisha. Mshale wa mita ya zamani hautulii. Hata presha ya maji ikiwa ni ileile, unatetemeka kidogo. Tarakimu nazo, ukiziacha zilivyo, hucheza: nne, tano, nne tena. Mkuu wetu aliuchukia mchezo huo, akasema utawachosha macho watu wa zamu. Nami sina simile na kitu kinachosumbua. Nikaandika programu ya kuzituliza, nikazituliza hasa.

Alhamisi moja ya theluji akaja Lois, mama wa Kimarekani aliyekaa miaka mingi mbele ya mita za kinu, ili azijaribu zetu. Tulizifunga kwenye ubao mkubwa, tukaziunganisha na kisanduku cha kutuma ishara za mazoezi, kana kwamba nyuma ya ukuta kuna kinu cha kweli. Lois akaketi mbele ya ubao asubuhi yote, mikono mapajani. Tarakimu zikakaa kama zilizopakwa rangi. Mkuu wetu, kikombe cha kahawa mkononi, akawa analeta watu wa ofisi nyingine mmoja mmoja waje waone utulivu ule. Nikavimba kichwa, siwezi kusema uongo.

Aliyenishusha ni Zadock, Mkenya tuliyekuwa tukifanya kazi naye meza moja. Alikaa kitongoji cha Crystal, akipenda kahawa kuliko chakula.

“Tumpe, kuja uone,” akasema polepole. “Hii number haija-move tangu asubuhi.”

Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyoitengeneza. Akainama chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda, akatoka uso umemparama. Plagi ya kisanduku cha ishara ilikuwa imelala sakafuni. Kwenye soketi yake palikuwa na plagi ya mashine ya kahawa.

“Ni mimi,” akasema. “Nili-plug coffee tu, sikuangalia nimetoa gani.”

Kisanduku kilikuwa kimekufa tangu asubuhi. Programu yangu, ilipokosa kipya, ilishikilia cha zamani na kuendelea kukionyesha, nyekundu, safi, kwa ujasiri wote. Tulikuwa tumeshinda tunamsifia maiti kwa utulivu wake, tena tunanywa kahawa ya matanga yake.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkaripia Zadock, na yalikuwa maneno mazuri. Lakini Lois akaanza kusema, bila kupandisha sauti. Alieleza kwamba waya wa mita ya zamani ukikatika, mshale huanguka chini kabisa na kila mtu chumbani akaona. Kisha akanigeukia.

“Sikuwa nausoma mshale kwanza,” akaniambia. “Kwanza nilitazama kama unatetemeka. Ukitulia mno, natuma mtu akaangalie. Hizi zenu zimetulizwa, sikuwa na cha kutazama.”

Zadock nikamsahau. Si mita niliyokuwa nikiifikiria. Nilikuwa nikimsikia Mudrick. Mzima kabisa, hana shida yoyote. Jumamosi baada ya Jumamosi, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, na hakuna hata siku moja aliyotaja goti. Hakuna kuku. Hakuna mwalimu wa kwaya.

Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari mbaya kwa simu. Atafanya nini nayo, peke yake ugenini? Hufichwa mpaka mambo yatengemae au mpaka yasitengemae kabisa. Nililijua hilo tangu utoto, na bado nilikuwa nimeketi nikisoma tarakimu.

Nikaenda kwenye simu ya korido na kadi yangu ya kupigia. Ilikuwa adhuhuri Minnesota, kwao usiku umeshaingia, na haikuwa siku yangu ya kupiga, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amejiandaa. Mudrick alikuwa kikaoni kanisani. Akapokea Ikupa. Tukasalimiana, watoto hawajambo, kazi njema, baridi ipo. Ila kwa Mama, sikuuliza kama hajambo.

“Wifi,” nikasema, “leo Mama amemgombeza nani?”

Nikasikia mtoto akikohoa nyuma yake.

“Hajamgombeza mtu, wifi,” akasema. “Tangu aanguke jikoni hajamgombeza mtu.”

Akanieleza yote, haraka haraka, kama anayetua mzigo. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelegea, ulimi umekuwa mzito. Alilazwa, sasa yuko nyumbani. Mudrick aliwakataza wote wasiseme, nisije nikaharibu kazi yangu. Na daktari hakuwaahidi kitu kuhusu mwezi wa nne.

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kumlaani mtu, nikakosa wa kumlaani. Mimi mwenyewe nilipoteleza kwenye barafu nyumbani Richfield nikavunjika mkono, nilimpigia Mama na mkono umefungwa hogo la plasta nikamwambia hatujambo sote. Mudrick na mimi tumenyonya ziwa moja. Nikamwomba Ikupa anisogezee simu kwa Mama.

Nikasikia waya ukiburutwa, mlango, kitanda. Kisha pumzi. Nikamwita. Nikamwambia ni mimi, Tumpe. Pumzi tu. Nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa korido, watu wanapita na sahani zao za mchana.

“Leo,” akasema Mama, kila silabi akiitafuta, “leo... si... Jumamosi.”

Kisha, baada ya kupumzika: “Unapiga... ya nini?”

Nililia pale pale, kwa uchungu na kwa furaha, sikujali nani ananiona. Alikuwa amenigombeza.

Niliporudi mezani, Zadock alikuwa amerudisha plagi mahali pake na kuizima programu yangu ya utulivu. Tarakimu ya mwisho ilikuwa ikicheza, nne, tano, nne. Mkuu wetu akauliza nitahitaji muda gani kuituliza tena. Nikamwambia iachwe icheze, na waya ukikatika kioo cha mita kiwe giza. Zadock anaweza kuimalizia. Mimi Jumapili nasafiri.