Kifuniko cha Besi

Mimi vitu feki sivipendi, na mume wangu Valerian anajua hivyo tangu Tabora. Ndiyo maana nilipoingia lile duka la magitaa mjini Toronto nilitoa picha kwenye pochi nikaibandika kaunta. Valerian huyo, kijana, afro kichwani, gitaa la besi jekundu kifuani, na juu ya nyuzi kifuniko cha kromu kinang'aa. "Nataka hili," nikamwambia muuzaji. "Hili hili."

Akanionyesha mawili. Yote mapya, yote yametengenezwa yafanane na ya zamani. La kwanza wameliiga mpaka skrubu: zito, shingo nene, kifuniko kimefungwa mahali pake. La pili lilifanana kwa sura tu; jepesi, shingo nyembamba, na kifuniko chake kiko pembeni kwenye mfuko. Akasema wapigaji wengi hukiacha huko huko mfukoni. Nikamwambia hao wengi hawajui kitu, nifungie la kwanza.

Nilikuwa na sababu. Binti yetu Elinaza alikuwa na sendofu Jumamosi, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ukumbi wa kanisa huku Pickering, na alishasema ataingia ukumbini baba yake akimpigia besi. Valerian akakubali. Lakini tangu apate kiharusi mwaka juzi, mkono wa kushoto umekuwa mzito, na besi yake ya siku zile tuliiachia bendi Tabora. Nikajiambia, akishika ile ile, mkono utakumbuka.

Haukukumbuka. Alikaa sebuleni, gitaa pajani, jasho linamtoka. Vidole vilishindwa kuizunguka ile shingo, na mkono wa kulia kila ukitaka kutua kwenye nyuzi unagonga chuma. Mwisho akalilaza gitaa kwenye kochi, taratibu.

"Mama Elinaza, mimi basi tena. Mwambie mtoto atafute DJ."

Jamani, niliumia! Elinaza, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila majibu yake ni Kiingereza, akasema tulirudishe, tuchukue lile jepesi. Nikamgeukia kama mbogo.

"Lile la uongo? Baba yako ashike kitu cha uongo kwenye sendofu yako? Thubutu!"

"Ana," Valerian akasema. Ananiita hivyo akichoka kubishana. "Niletee bisibisi."

Nikaleta. Akafungua kifuniko, akakigeuza, akakilaza chali mezani.

"Hiki unakikumbuka?"

"Si ndicho kilicho kwenye picha?"

"Mpiga picha ndiye aliyetaka nikirudishe, eti kinang'aa. Ukumbini sikuwahi kupiga nacho hata siku moja. Mkono ungekaa wapi? Tulikuwa tunakitoa, tunachomeka sponji chini ya nyuzi ili mlio uwe mfupi, basi. Haya niambie, karanga zako ulikuwa unazilia kwenye nini?"

Kila wikiendi, kwenye dansi, kulikuwa na kisahani cha chuma chini ya spika ya besi, kimejaa karanga. Alikuwa ananiwekea mimi, ili nisimame upande wake nisiende kwa mpiga gitaa la solo, maana yule bwana alikuwa na maneno matamu. Hicho kisahani nimekisimulia miaka yote hii. Sikuwahi kujiuliza kilitoka wapi; kumbe kilikuwa kifuniko cha besi.

"Mwongo wewe," nikamwambia, nacheka na machozi yananitoka.

Kesho yake nikarudi dukani mwenyewe. Muuzaji akalitoa lile jepesi kabla sijamaliza kueleza. Nikabadilisha.

Jumamosi Valerian alikaa kwenye kiti, lile jepesi pajani, na kipande cha sponji yangu ya kuoshea vyombo kimechomekwa chini ya nyuzi. Mlango ulipofunguliwa akaanza. Alikosea mara kadhaa, kidole kikateleza, lakini ulikuwa ule mlio wake, mfupi na mzito, usio na haraka. Nilikuwa na hamu nao mno. Elinaza akaingia anacheza, marafiki zake nyuma, vigelegele mpaka masikio yakaniuma.

Nilitakiwa nikampokee mbele. Lakini chini ya spika niliona kitu kinang'aa, nikainama. Kifuniko, kile cha mfukoni, kimelala chali, kimejaa karanga za kukaanga. Alizikaanga saa ngapi, na mkono ule?

Nikachota konzi nzima, nikasimama upande wake.