Msonyo Chini ya Boneti

Gari la Dada Kitana lilianza kulia sss siku ya Jumatatu, mbele ya saluni yake, hata hajakaa sawa kwenye usukani. Kiti cha mbele alikaa kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Hotuba. Nyuma walibanana wateja watatu, nywele nusu zimesukwa nusu bado, wakienda dukani kuongeza rasta zilizopungua. Bwana Hotuba alikuwa akiwasimulia jinsi alivyomuuguza marehemu mama yake mpaka pumzi ya mwisho.

Sss, likasema gari.

"Tairi hilo," akasema mteja mmoja.

Dada Kitana akashuka, akayapiga teke matairi yote. Hayakuwa na neno.

Gari lenyewe lilikuwa la mama yao. Alimwachia binti yake pamoja na kitambaa cha kufutia kioo na harufu ya marashi iliyogoma kutoka kwenye mkanda wa kiti. Kwa hiyo likaenda kwa fundi yuleyule wa siku zote, Fundi Sikio, ambaye hutibu injini kwa kuchomeka kipande cha mpira sikioni na kuupitisha upande wa pili juu ya vyuma, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Mama alikuwa mtu wake. Akija kubadilisha oili hukalia betri mbovu pale kivulini, akampa fundi habari zote za nani kamwacha nani.

"Linalia lini?" fundi akauliza. "Likiwa la baridi au likichemka?"

"Vyote."

"Likipanda mlima?"

"Hata likisimama, fundi. Jana limelia kwenye foleni mpaka wa mbele kageuka kunitukana."

Fundi akainama na mpira wake. Hakuchukua muda. Nyuma ya injini palikuwa na kampira ka hewa kenye ufa, kanafyonza upepo pasipostahili. Akaweka kapya, mlio ukakatika. Alikuwa anashusha boneti, roho kwatu, Bwana Hotuba aliyeegemea mlango alipowageukia watu wa gereji.

"Mkono huu huu," akasema, akiuinua, "ndio uliomlisha mama kwa kijiko."

Sss.

Fundi akarudisha mpira sikioni. "Hebu rudia hapo, bwana mkubwa."

"Wapi?"

"Hapo kwenye kijiko."

Akarudia. Gari nalo likarudia.

"Zilikuwa sauti mbili," fundi akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa hewa. Hii si hewa. Huu ni msonyo."

Dada Kitana alikuwa ameshautambua. Msonyo wa mama ulikuwa na mkia: ulianzia kwenye meno kama wa watu wote, halafu mwishoni ukapanda juu kidogo, kama anayeuliza swali. Enzi zake aliwasonya wasoma habari wa redio, nyama ya mifupa mitupu na mwanaume yeyote aliyesema "nakuja sasa hivi."

"Shikamoo, mama," fundi akaiambia injini. Injini ikaunguruma taratibu, imeridhika.

"Sasa unaondolewaje huo?" Bwana Hotuba akauliza. Jumapili ukoo mzima ungekutana nyumbani kwa shangazi kumkumbuka mama, na msemaji alikuwa yeye.

"Kwanza tutafute chanzo. Taja jina lako."

Akataja. Kimya.

"Sema leo hakuna mvua."

Akasema. Kimya.

"Sema nilimuuguza mama."

Akasema. Likasonya mpaka spana zikacheza juu ya boksi.

"Tatizo liko kwenye *ni*," fundi akasema, akijifuta mikono. "Jaribu *tu*. Tulimuuguza."

Dada Kitana akashika mlango wa gari. Tangu msiba hakuwa akitaka kingine. Aliyemgeuza mama kitandani ni yeye. Aliyemsuka zile nywele chache zilizobaki, kila wiki, ili apendeze hata kama hakuna anayekuja, ni yeye. Kaka alikuwa akileta machungwa, anasimama mlangoni, anasema hospitali zinamtia kizunguzungu hata zikiwa nyumbani. Wala Dada Kitana hakudai kaka aseme "alimuuguza," ambao ndio ungekuwa ukweli wenyewe. Silabi moja ingemtosha.

Bwana Hotuba akafungua mdomo.

"Tu..." akasema.

Fundi akasubiri. Injini ikasubiri.

"Tuondoke, bwana, tunachelewa."

Jumapili Dada Kitana aliegesha gari chini ya dirisha la sebule ya shangazi, kwa sababu nafasi ilikuwa hapo tu. Alizima injini, funguo akazitia kwenye pochi. Ndani watu walijaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Bwana Hotuba akasimama, akakohoa, akakunja uso wa huzuni.

"Nilimuuguza mama kwa mikono yangu," akaanza.

Msonyo ukaingia dirishani, mrefu, na mkia wake.

Shangazi akatega sikio. "Wifi hajambo," akasema. "Hajambo kabisa. Hebu nisogezee hiyo soda."

Bwana Hotuba akaendelea hadi mwisho, kila *ni* na msonyo wake. Akapigiwa makofi mazuri tu, na mjomba mmoja akamshika bega akamwambia, "Mama alipata mwana." Gari likasonya na hilo. Dada Kitana alikuwa jikoni anasuuza glasi. Alisikia yote.

Jioni kaka aliomba lifti. Alikaa kiti cha mbele, kama kawaida, akafunga mkanda wenye marashi. Redio ilikuwa inaimba. Walipofika kwenye taa nyekundu akashusha pumzi ya mtu aliyefanya kazi kubwa.

"Leo wamenisikiliza," akasema. "Unajua, dada, nilipokuwa namuuguza mama..."

Dada Kitana akanyoosha mkono, akapunguza redio, apate kusikia vizuri.