Ndege ya Mwenyekiti

Mwalimu Theuri alifika Nanyuki ameipakata ndege yake kama mtoto mwenye surua. Alikuwa ameiunda mwenyewe kule Kangema, kwa mbao nyepesi na hariri ya gauni la harusi la mkewe. Ilikuwa ndege ya waya: kidude chenye injini yenye kelele kubwa kuliko umbo lake, kinachozunguka hewani huku mrushaji amesimama katikati, ameshika kishikio chenye nyaya mbili nyembamba, akizunguka nacho mpaka kichwa kimlevye.

Wazungu walioanzisha mashindano ya ndege hizo pale Nanyuki walikwisha kuuza mashamba wakaenda zao. Kombe, uwanja na uenyekiti vilimwangukia Bwana Gicheru, mtu aliyejuana na kila mwenye gari la bendera.

"Hapa hakuna mshindani," Gicheru aliwaambia warushaji siku ya kwanza. "Hapa ni ndugu na ndugu. Mimi nikianguka, nyinyi mnaniinua. Si ndio?"

"Ndio, Mzee!" wakaitikia, na sauti ya Theuri ikazishinda zote. Kangema ilikuwa imemchosha. Alitaka uhamisho kwenda Nyeri mjini, na neno la Gicheru katika ofisi ya elimu halikurudi bure.

Ndege ya Gicheru ilitoka ng'ambo, imefungwa sandukuni. Ilipoachiliwa, mwenyewe alivuta kishikio kwa nguvu zote. Ikapanda wima, ikapinduka, ikajichimbia kaburi.

"Pole, Mwenyekiti! Ni upepo!" wakapiga mbio kumfariji. Hakuna unyasi uliotikisika.

Olow, mchuuzi wa ng'ombe pale Nanyuki, alikuwa akitafuta kibali cha kusafirisha mifugo. Akatoa propela yake. "Chukua hii, Mzee. Mimi niko na ingine." Hakuwa nayo. Kingori wa Karatina akatoa magurudumu. Kisha Gicheru akamsogelea Theuri.

"Mwalimu, hii bawa yako ni mzuri sana. Inaweza kutoshea yangu?"

"Ni kama ilitengenezewa yako, Mzee," Theuri akajibu, akashika kisu, akaikata hariri kwa mkono wake mwenyewe na kuling'oa bawa.

Siku ya pili Gicheru alizunguka kidogo tu, akashikwa na kizunguzungu, akaketi chini kwa kishindo. Ndege ikaingia hema la chai. Basi wakamchangia tena: huyu mkia, yule tangi. Kufikia jioni karibu kila ndege uwanjani ilikuwa mzoga. Wakachoma mbuzi, wakaimba, wakakumbatiana. Theuri akasema, machozi yakimlenga, kwamba hajawahi kuona upendo wa namna hiyo.

Ni Sista Wacera peke yake, muuguzi kutoka Nyeri, aliyekataa.

"Injini yangu imekuja kushindana, haikuja matanga," alimwambia Gicheru. "Lakini dawa ya kizunguzungu niko nayo, kama unataka."

Siku ya mwisho zilibaki ndege mbili. Wacera akamwita Theuri. "Mwalimu, nishikie mkia. Nikiinua mkono, achilia."

Theuri akatupia jicho kivulini alikoketi Mwenyekiti. "Sista, ati leo mgongo inaniuma."

Akaja Anab, mkewe Olow aliyekuwa akiuza chai, akaishika ndege bila kumtazama mumewe. Ikaruka. Ilipiga mizunguko, ikalala chali, ikapita juu ya nyasi karibu izinyoe. Vidole vya Theuri vilijikunja na kujikunjua kana kwamba vimeshika kishikio, na alikaribia kupiga makofi.

Kisha ikaja zamu ya Gicheru. Mgongo wa Theuri ukapona ghafla, akakimbilia mkia. Ile ndege ya michango ilikimbia ikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, ikaruka kidogo, ikakaa. Makofi yakanyesha kama mvua ya mawe.

Waamuzi, nao walikuwa wametoa misumari na gundi, walinong'onezana. Wacera akapewa sifuri katika undugu, alama ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia kabla ya siku ile. Kombe likaenda kwa Gicheru.

Wacera alicheka, cheko la kweli, akapakia ndege yake. "Mwalimu," alisema, "mgongo ikizidi, kuja hospitali. Tutaipiga picha tuone kama iko."

Theuri akajipanga kwenye foleni ya kumpa mshindi mkono.

"Asante sana, Mwalimu," Gicheru alisema. "Wewe ni wa wapi?"

"Kangema, Mzee. Lakini nilikuwa nataka—"

"Kangema! Watu wazuri sana. Kaa nao, mwalimu, kaa nao." Akaingia garini na kombe lake. Ndege akaiacha pale pale nyasini.

Vumbi la gari halijatulia, Olow alikuwa ameinama akiing'oa propela. Kingori akarukia magurudumu.

"Wewe, kanyaga polepole! Hiyo ni bawa yangu!" Theuri akapiga kelele.

Hakuna aliyemsikia. Akashika upande mmoja wa bawa, Olow akavuta upande wa pili ulionasa kwenye propela, na hariri ya harusi ikapasuka katikati.