Mashavu Mawili Yaliyovimba

Kwa heshima na taadhima, napenda kuujulisha umma kwamba Chama cha Huruma cha shule yetu ya bweni, ambacho mimi ni katibu wake mwadilifu, Jumamosi iliyopita kilizuru makao ya watoto yatima kikiwa na moyo wa upendo na katoni za pipi. Pipi, ndugu msomaji. Watoto wameoza meno, sisi tukawapelekea pipi, na tukapigiwa makofi.

Msimamizi wa makao alitutembeza kila chumba. Bafuni miswaki ilining'inia ukutani, kila mmoja na jina la mtoto wake, inapendeza kama ya dukani. Nikagusa mmoja. Ulikuwa bado ndani ya nailoni yake. Mtoto aliyesimama karibu akaninong'oneza nisiichezee, hiyo ni ya wageni. Wao husugua kwa kidole.

Wakati wa picha, msimamizi akawaagiza watoto watabasamu bila kufungua midomo. Msichana wa miaka sita hivi akasukumwa nyuma ya wenzake. Wanamwita Chiriku kwa sababu haishiwi maneno, lakini siku hiyo alikuwa kimya kabisa. Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho limebaki mstari, na mkono wake ulikuwa wa moto. Wenzake walisema hajatafuna kitu tangu wiki iliyopita.

Nikamuuliza msimamizi, kwa adabu zote nilizolipiwa karo.

"Ni jino la utoto tu, mwanangu," alisema. "Litang'oka lenyewe."

Nikaenda kwa mwalimu wetu. Akanikumbusha kwamba sisi ni wageni, tusiwafundishe wenyeji kazi. Damu ikanichemka. Nikaingia chooni, nikakunja kitambaa changu cha jasho, nikakishindilia ndani ya shavu, nikatoka nalia kama mbuzi anayeburutwa machinjioni.

Hapo nikaona maajabu. Mwalimu alijishika kichwa. Msimamizi alileta kiti, akaleta maji, akanipepea kwa khanga yake mwenyewe. Dereva aliwasha basi kabla sijamaliza kulia vizuri. Shavu la Chiriku lilikuwa limesubiri wiki nzima. Langu halikusubiri hata kidogo, kwa kuwa lina baba mwenye simu na mdomo mkali. Nikamkamata Chiriku mkono, nikagoma kupanda bila yeye. Mwalimu, ambaye nadhani alishamwona baba yangu akigonga mlango wake, akasema mpandisheni, mpandisheni twende.

Daktari wa meno alinilaza kwenye kile kiti chake kirefu, akavuta taa, akaniambia nifungue kinywa. Akaingiza koleo, akavuta taratibu. Kitambaa kikatoka chote, pamoja na maua ya pembeni aliyoyatarizi bibi yangu. Mwalimu akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe mtoto," akasema kwa sauti ya chini, "unaumwa nini hasa?"

Uongo mzuri nilikuwa nao, tena umeshapigwa pasi. Lakini Chiriku alikuwa ameegemea ukuta, kashika shavu kwa mikono miwili, hata kucheka hawezi.

"Siumwi, mwalimu. Nimewadanganya. Nilijua mimi mtanileta, na yeye hamtamleta." Nikashuka kwenye kiti. "Mgonjwa ni huyu. Atibiwe yeye kwanza, halafu mimi mnipe adhabu mnayotaka."