Kiti cha Baba Nyuma ya Wavu

Tangu kiharusi kimshike mkono wa kulia, baba alikuwa anajifunza kuandika kwa wa kushoto. Alianza na jina lake, kisha akahamia kwenye namba, kwa sababu namba ndizo alizozihitaji. Kila Jumapili ya kiangazi yeye ndiye aliyeandika daftari la Lindal, timu ya besiboli ya mji wetu: kila mpigaji na kisanduku chake, mpira ulikokwenda, nani aliudaka.

Leo tuliporudi kutoka kanisani tulimkuta Orrin, mwenyekiti wa timu, barazani na keki ya mkewe. Tukajua habari si njema.

"Verlyn, daftari la wiki iliyopita ligi wamelirudisha. Halisomeki. La leo likisomeka, sawa. Lisiposomeka, kiti nampa mtu mwingine."

"Haki yako," baba alisema. Keki hakuigusa.

Mchana, uwanjani, nikaenda kukaa na baba kwenye meza ya waandishi, nyuma ya wavu wa kuzuia mipira.

"Hiyo penseli ya pili ya nini?"

"Ya akiba tu, Baba."

"Iweke mfukoni, Solveig."

Upande wa pili wa meza alikaa Bernadine Wocken, mwandishi wa timu ya wageni, ya mji wa Rossow. Wamekaa pamoja hivyo tangu sijazaliwa, na hawajawahi kukubaliana hata kuhusu mvua.

"Bado upo, we mzee?" alisema bila kumtazama. "Nilidhani safari hii watanipa kijana mwenye meno."

"Nikiondoka, nani atakusahihisha?"

Mwanzo ulikwenda vizuri. Zamu ya tatu Rossow wakaanza kupiga mfululizo, wakimbiaji wakajaa vituoni, na mkono wa baba ukaachwa nyuma. Visanduku viwili vikabaki vitupu. Jasho likamtoka. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta ile penseli.

Bernadine akasimama. "Mwamuzi, simamisha kidogo. Namba kumi na nne ni nani? Simwoni kwenye orodha."

"Ni mjukuu wako, Bernadine," mwamuzi alijibu.

Jukwaa likacheka.

"Basi amenenepa. Nitajie jina kamili."

Aliliandika herufi moja moja, kama anachonga jiwe la kaburi. Alipoketi, visanduku vya baba vilikuwa vimejaa.

Baadaye Bernadine akapoteza miwani, akaitafuta chini ya meza na kwenye mkoba, hadi mtoto mmoja akamwambia iko kichwani. Kisha penseli ikamvunjika, akaichonga kwa kisu taratibu, kama anamenya kiazi. Watu wakaguna. Baba hakuinua macho, aliandika tu.

Mchezo ulipokwisha, waandishi wakalinganisha madaftari, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Niliogopa Bernadine atamhurumia baba.

"Zamu ya nane, mjukuu wangu alipopiga. Umeandika nini hapa?"

"Kosa. Mpira ulimfikia mlinzi wetu kwenye glavu, akauangusha."

"Kosa gani? Ule mpira ulikuwa moto. Hilo ni pigo safi, mpe kijana haki yake."

"Ungekuwa wa mtoto wa jirani, ungesema kosa."

"Una kichwa kigumu kama mlango wa ghala."

"Nawe una macho ya bibi."

Ulimi wa baba bado ni mzito, na sisi nyumbani tulikuwa tunamsubiri amalize kila neno. Bernadine hakumsubiri. Alimkatiza katikati ya sentensi, naye akamkatiza vilevile, na nikaona uso wa baba umepata rangi ambayo sikuwa nimeiona tangu alipolazwa hospitalini.

Neno la mwisho ni la mwandishi wa timu mwenyeji. Bernadine akafuta, akaandika kosa, akikandamiza penseli hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

"Jumapili ijayo mnakuja kwetu," alisema akibeba mto wake wa kukalia. "Kule neno la mwisho ni langu."

Orrin alilichukua daftari la baba, akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Namba zilikuwa zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini kila moja ilisomeka. Alilifunga, akamrudishia baba.

"Rossow, saa nane. Usichelewe."

Baba alilishika kifuani. Kisha akachukua fimbo.

"Nisubiri hapa," aliniambia. "Mwanamke yule amechelewesha mchezo nusu saa. Asidhani sikuona."

Akamfuata polepole hadi kwenye gari lake, akamfungulia mlango. Walikuwa mbali, maneno hayakunifikia. Nilisikia tu kwamba wanabishana.