Mwokaji Aliyeamriwa Kula Mkate

Mwokaji alikuwa ameshavuka mlango wa bekari, begi begani, funguo ameziacha kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Anakwenda zake kwa kaka yake, kwenye karakana ya mbao. Mwaka mzima tumbo lilimtesa, akakonda hadi suruali ikawa inamkimbia. Daktari alishuku seliaki, ugonjwa wa utumbo kuikataa ngano, akamtuma apimwe damu. Na ukiwa nao, hata vumbi la unga ni adui. Tanuri lake la miaka ishirini ndilo lilikuwa hatarini.

Njiani akapitia maabara, akapewa majibu. Namba yake tatu. Chini ya kumi ni kawaida. Hakungoja maelezo. Alirudi bekari mbio, akavaa aproni juu ya begi.

"Leta funguo, shemeji! Mimi mzima kama kigongo!"

Shemeji akajifuta unga, akaisoma karatasi mpaka chini.

"Hapa wameuliza kama unakula ngano. Mbona hukujaza?"

"Sijaigusa miezi minne. Niile ili iniue?"

"Haya, vua aproni. Twende."

"Wewe unalitaka tanuri langu tu!"

"Nalitaka, ndiyo. Lakini dada yangu anakutaka wewe ukiwa hai. Tangulia."

Maabara, mama mpimaji alishika kiuno.

"Baba, kipimo hiki kinatafuta kingamwili, wale askari wa mwilini wanaoamka ngano ikiingia. Wewe umewanyima ngano miezi minne, wamelala fofofo. Tatu yako haisemi una ugonjwa, wala haisemi huna."

Daktari akakubaliana naye: ale vipande viwili vya mkate kila siku, wiki sita, kisha apimwe upya. Akizidiwa, arudi mara moja.

Kila asubuhi mwokaji alikaa kwenye gunia, na shemeji akimkatia mkate aliouoka mwenyewe. Siku ya kwanza mwokaji alitafuta kasoro. Chumvi? Iko sawa. Ganda? Linalia vizuri likivunjwa. Siku ya tano tumbo lilivimba kama ngoma, naye bado anatafuna.

"Sema basi, mbaya?" shemeji akauliza.

"Mwizi mkubwa wewe," akajibu, ameshika tumbo, anacheka. "Umenipita."

Wiki sita zilipokwisha, namba ilikuwa themanini na saba. Kamera ikashushwa hadi kwenye utumbo, wakakata kinyama kidogo cha kupima, ikathibitika anao ugonjwa. Siku hiyohiyo mwokaji aliacha ngano, na funguo hakuzidai tena.

Shemeji anaendesha bekari na ameajiri wanawake wawili. Mwokaji anaranda mbao kwa kaka yake. Ameongezeka kilo tisa. Mkewe amebadilisha sufuria na vibao vyote vya kukatia jikoni. Watoto walipimwa: mmoja anao, wawili hawana. Mama mpimaji amehamia maabara nyingine.