Mlango wa Mwisho wa Korido

Wanaotaka kujenga huja kwangu siku hizi, mimi mshona nguo ambaye sijawahi kushika mwiko wa mwashi. Wanakaa kwenye benchi la wateja, wananiuliza, nami nawaambia niliyoyaona kwa macho yangu. Simenti msiilaze sakafuni, ilazeni juu ya mbao, la sivyo mtaamka mna mawe. Zege likishamwagwa linyweshwe maji asubuhi na jioni siku saba, na fundi akikwambia siku tatu zinatosha, mwulize anakimbilia wapi. Mabomba na nyaya kwanza, plasta baadaye; jirani yangu alianza na plasta, akaja kuzichimbua kuta zake kama panya. Wanaandika, wanashukuru, wanainuka. Hapo ndipo ninapowaambia kaeni, bado la mlango.

La mlango lina kisa, nacho ni changu na mume wangu.

Mume wangu alikuwa mwashi. Mtaa mzima walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye chuma mwishoni ambayo fundi huining'iniza kuona kama ukuta umenyooka, kwa sababu hakuvumilia kitu kilichopinda. Akiingia kwa watu akakuta picha imekaa upande, ataiendea ukutani ainyooshe kabla hajasalimia. Alijengea watu nyumba miaka thelathini na ushei, na sisi wenyewe tukikaa vyumba viwili vya kupanga, mvua ikinyesha naweka ndoo, moja juu ya kitanda. Kinyozi hajinyoi, nilimwambia mpaka ulimi ukaota sugu. Ndipo akaanza yetu, pole pole, kila alipopata matofali.

Siku ya shari niliwapelekea chai kwenye ujenzi. Kuta zilikuwa zimefika kiunoni. Nilipopita koridoni na sinia, viwiko vyangu vikagusa tofali pande zote mbili. Nikaweka sinia chini, nikavua utepe wa kupimia ambao hauondoki shingoni mwangu, nikapima. Korido futi tatu tu. Mlango wa chumba chetu ulikuwa mwisho kabisa, ubavuni, kwa hiyo ukifika pale lazima ukate kona. Nao ulikuwa inchi ishirini na nane.

"Fundi," nikamwita, kwa sauti ya sokoni, "hapa mgonjwa atapitaje? Na nikifa, jeneza litakata kona vipi? Mtanisimamisha kama ngazi?"

Mafundi na vibarua wakacheka. Mume wangu akanyanyuka na mwiko mkononi, uso umemwiva.

"Mtaniua jamani! Mshona sketi leo ananipimia ukuta! Nenda kapime viuno, mama. Kuta niachie mimi."

Wakacheka zaidi, safari hii wakinicheka mimi. Ningeweza kungoja jioni nikamwambia tukiwa wawili. Hilo nimeliwaza mara nyingi kuliko nilivyowahi kuliwaza jambo jingine. Lakini mdomo wangu hauna komeo, na nilikuwa nimeaibishwa.

"Haya, jenga," nikasema. "Neno mlango hutalisikia tena kinywani mwangu."

Na hakulisikia, miaka minne. Chai nilikuwa natuma mtu. Nyumba ikapanda, bati zikapanda, plasta ya ndani ikapigwa, na mimi nimekaza shingo. Tulikula pamoja, tukalala pamoja, tukazungumza kila kitu cha duniani isipokuwa mlango ule. Nilikuwa nangoja aniombe radhi. Nilijiambia, atakuja tu, ataniangukia.

Badala yake, asubuhi moja akiwa anafunga viatu, mkono wa kulia ukagoma. Mguu ukafuata. Mdomo ukaenda upande. Timazi mzima, mdomo upande. Nilimwona anajitazama kwenye kioo na kujaribu kuunyoosha kwa kidole.

Binti yetu ni muuguzi. Baada ya mwezi mmoja hospitalini walipomruhusu, alinivuta nje ya chumba chetu cha kupanga.

"Mama, moyo wa baba umechoka. Kama kuna kitu anakitaka, kifanyike sasa."

"Tuna miezi mingapi?"

"Sema wiki, mama."

Alichokitaka nilikijua. Alikuwa anakisema kila siku kwa ulimi ule mzito, neno moja moja. "Nilale kwangu." Na akaongeza sharti, maana hakuwa mtu wa kukosa sharti. "Nitaingia nimekaa. Natazama mbele. Sibebwi mgongoni kama mfuko wa simenti."

Nikamwita Kobe. Huyu alikuwa msaidizi wake tangu ujana wao, sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi. Jina alipewa na mume wangu kwa ajili ya mwendo wake wa kazi. Kilichobaki kilikuwa sakafu, madirisha na milango. Kobe akaleta watu wake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakimbia.

Sakafu ikamwagwa. Siku ya tatu nikamwambia inatosha, tuendelee.

"Shemeji, siku saba," akasema Kobe.

"Saba za nani? Mtu wako anaisha kule kitandani, wewe unanihesabia siku!"

"Twende tukamuulize mwenyewe."

Tukaenda. Mume wangu alisikiliza, akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha vidole vitano, kisha viwili. Nikarudi, nikachukua ndoo, nikainywesha sakafu kwa mikono yangu asubuhi na jioni mpaka siku ya saba. Kwa hiyo ninapowaambia watu wamwulize fundi anakimbilia wapi, mkimbizi mwenyewe nilikuwa mimi.

Binti akapata kiti cha magurudumu cha kuazima. Nilikipeleka kwenye nyumba kabla ya kumleta mgonjwa, kwa sababu moyoni nilishajua. Nikakaa mimi mwenyewe, Kobe akanisukuma. Koridoni tukapita vizuri. Tulipofika mwisho, kwenye kona, vyuma vya kuwekea miguu vikagonga ukuta wa mbele, na gurudumu la nyuma likabana kwenye fremu. Kobe akarudisha nyuma, akajaribu tena. Akajaribu kwa upande mwingine. Nikamwambia acha. Nikalia pale pale kitini, kwa hasira hasa, maana miaka minne nilikuwa na haki na haki yenyewe hainisaidii kitu.

"Tubomoe," nikasema.

Kobe akajikuna kidevu. "Shemeji, kubomoa si tabu. Tabu ni linta." Linta ni ile boriti ya zege inayolala juu ya mlango, inabeba ukuta wa juu. "Ukipanua mlango, linta ya zamani haitafika ng'ambo. Itabidi tumwage mpya, ndefu. Na linta mpya haiguswi wiki tatu."

"Wiki tatu hatuna."

"Najua hatuna."

Nikafikiria kumwambia mume wangu alale sebuleni, kama mgeni, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nikafikiria abebwe. Nikaona vile atakavyofumba macho mtu akimwinua.

Kobe akachukua nyundo na tindo, kile chuma cha kuchongea. "Ngoja nione linta inaishia wapi, tujue moja."

Akaanza kuchimbua plasta juu ya fremu. Akaifuata linta. Akapita pale ilipopaswa kuishia, akaendelea. Akasogeza ndoo aliyokuwa amesimama juu yake, akaendelea tena.

"Ebo!" akasema. "Hii linta haiishi."

Ilikwenda futi mbili zaidi ya mlango, ndani ya ukuta, imefunikwa na plasta. Kobe akashuka, akagonga ukuta chini yake. Mlio ukawa mzito, wa kitu kisichoshikana. Akatoa plasta kidogo, akaingiza kidole katikati ya matofali, akaniletea kiganjani kilichotoka.

"Udongo, shemeji. Hakuna hata punje ya simenti."

Damu ikanipanda. Mume wangu, aliyekuwa akiwatukana hadharani mafundi wanaopunja simenti, kapunja kwenye nyumba ya mkewe! Nikaanza kusema, na nilisema mengi, ambayo sitayarudia hapa. Kobe aliniacha nimalize. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, anautazama ukuta.

"Kipande hiki alikijenga peke yake," akasema. "Mimi alinituma nikachote maji, na mapipa yalikuwa yamejaa. Nikasema leo fundi kachanganyikiwa. Niliporudi kashamaliza. Plasta pia alipiga mwenyewe, hakutaka mtu aguse." Akafuta macho kwa kiwiko. "Shemeji, huku si kupunja. Mwashi akijenga kwa udongo ndani ya ukuta wa simenti, anataka siku moja akitoe kipande hicho bila kuvunja kingine. Huu ni mlango mpana. Kaufunga tu."

Hatukutumia nyundo. Kobe aliichomoa fremu, kisha tukayatoa matofali kwa mikono, moja moja, nikiyapokea mimi na kuyapanga kando. Chai niliyommiminia Kobe tulipoanza ilikuwa bado ya moto tulipomaliza.

Nilirudi nyumbani na bonge la ule udongo, nikaliweka juu ya blanketi, mapajani pake. Alilitazama. Upande mzima wa mdomo wake ukacheka.

"Mmefungua," akasema.

"Ulijua?"

"Siku... ile ile. Mlipoondoka wote... nikapima. Haki... ilikuwa yako."

"Sasa kwa nini hukusema, mwanaume wewe? Kwa nini?"

Nilitaka kumsaidia maneno, nikajizuia.

"Uliapa. Nikasema... atauliza tena. Akiuliza... nafungua mbele yake. Dakika chache tu. Kila jioni... nasema leo atauliza."

"Miaka minne?"

"Minne."

"Na mimi nilikuwa nangoja uniombe radhi," nikamwambia. "Wajinga wawili."

"Wawili," akasema, akanishika mkono kwa ule wake mzima. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, naye akanipa ncha ya shuka lake nifutie.

Jumamosi asubuhi tukamhamisha. Aliingia kwa mlango wa mbele amekaa, anatazama mbele, shati nililomshonea mwenyewe limefungwa mpaka kifungo cha juu. Koridoni akataka waende pole pole. Alikuwa anazipitishia kuta vidole. Kwenye kona kiti kiligeuka mara moja, bila kugusa popote. Akanyanyua mkono tusimame. Akaupapasa ukingo wa plasta mpya, bado mbichi.

"Kobe," akasema. "Imepinda."

Kobe akageuka rangi. Akakimbilia timazi, akaining'iniza. Plasta ilikuwa imenyooka kama uzi. Mume wangu alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanamtikisika, na Kobe akamwita mshenzi mbele ya mkewe na binti yake, na hakuna aliyemkataza.

Alilala kwake siku kumi na tisa. Kila jioni nikimaliza kumlisha, alikuwa ananiambia, "Uliza." Nami namuuliza. Kwa nini jiko umeligeuzia huko? Yule mwanamke aliyekuita usiku wa mvua ukamzibie paa mwaka ule alikuwa nani? Uliogopa siku tulipooana? Alijibu yote, neno moja moja. Halafu ananiuliza yeye. Siku moja aliniuliza kama ningekubali tena kuolewa na mwashi, nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa natania. Asubuhi yake nilipanga kumjibu vizuri, na asubuhi yake nilipomgusa mwili ulikuwa umeshapoa.

Wanaume wanne walimbeba, wawili mbele, wawili nyuma, Kobe akiwa mbele. Walipofika kwenye mlango wa chumba wakasimama, wakaanza kulipandisha jeneza upande mmoja, maana ndivyo walivyozoea kwenye nyumba za watu.

"Msimwinamishe," nikasema. "Nendeni hivyo hivyo. Anapita."

Akapita. Alikata kona amelala sawasawa, kukabaki nafasi ya mkono kila upande.

Pengo lile sijaliwekea ubao mpaka leo, nimetundika pazia. Wateja wakiniuliza mlango uwe inchi ngapi, nawaambia hilo fundi yeyote atawajibu. Kisha nawauliza wao, kuna neno gani la nyumba hiyo walilogombania wakaliacha, na wanamngoja nani alianze. Wengine hucheka. Wengine hutazama chini, na hao nawaambia wasingoje kesho, waende wakaseme leo.

Mimi jioni ikifika bado nauliza. Mazoea tu, najua hakuna wa kunijibu. Nilikuwa na miaka minne ya kuuliza, nikaimaliza kwa kununa.